Mpenda visa apewe fisi na mbuzi kabla ya drafti

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii akilalamika kwamba vijana waliozoea michezo yenye kisa, iwe ile ya boksi yenye ramani na mashujaa au ile ya kwenye simu yenye vita na mashamba, ukiwakalisha mbele ya drafti wanapiga miayo kabla hata vizibo sita havijaliwa. Akamalizia kwamba michezo ya kete tupu, isiyo na hadithi, ni ya wazee wa kijiweni. Lalamiko lake tunalikubali. Hitimisho lake tunalikataa, kwa sababu tatizo ni mchezo uliochaguliwa kuanzia.

Drafti ni mlango mbaya wa kumpitishia mgeni wa aina hiyo. Kila upande una vizibo 12, sura moja, mwendo mmoja, mpaka kimoja kibahatike kuwa kingi. Utamu wake wote uko katika kulisha: unamtolea mwenzako kete moja, na kwa kuwa kula ni lazima, anavutwa kwa nguvu mpaka mahali utakapomla tatu kwa mpigo. Jambo hilo halionekani mpaka mtu awe ameshacheza mara nyingi sana. Mgeni anachoona ni vizibo vikisogea, halafu ghafla vyake vimekwisha, watu wanacheka, na hajui alikosea wapi.

Wapo wanaojaribu kumtengenezea kisa kwa rangi. Chora meli ya Liemba na mawimbi ya Ziwa Tanganyika juu ya ubao wa drafti, utabaki na drafti ile ile, na juu yake macho yatapata shida ya kutofautisha chumba cheusi na cheupe. Tunavyoona sisi, mpenda visa havutwi na picha. Anavutwa na kete yenye tabia, kiasi kwamba hata ukifunika sura yake utaitambua kwa mwendo. Anapenda pia pande mbili zenye shida tofauti, na mwisho ambao hata mpita njia anauona bila kuelezwa. Michezo ya namna hiyo ipo, haina ramani wala shujaa, na miwili kati yake inachezeka hapa Tabora kwa vitu vya kuokota.

Wa kwanza unatoka Nepal, unaitwa bagh chal. Kwao ni chui milia na mbuzi; huku kwetu fisi anatosha na kila mtoto anamjua. Chora mraba chini au kwenye kipande cha boksi, uugawe vyumba 16, yaani mistari mitano ya kulala na mitano ya kusimama. Vuta mistari miwili mirefu ya mshazari, kona kwa kona. Kisha unganisha katikati ya kila upande na katikati ya upande wa jirani, upate mraba mwingine uliosimama kwa ncha ndani ya ule wa kwanza. Jumla ni mistari 16. Kete hazikai vyumbani, zinakaa kwenye makutano, nayo yako 25. Wachoraji wengi hukosea hapa kwa kupiga msalaba wa mshazari ndani ya kila chumba kidogo. Ukifanya hivyo umewaua mbuzi kabla ya mchezo, kwa sababu ubao sahihi una makutano 12 yasiyopitiwa na mshazari wowote, na hayo ndiyo mahali ambapo fisi hukosa njia haraka.

Fisi wanne hukaa kwenye kona nne. Mwenye mbuzi ana 20 mkononi na ubaoni hana kitu. Yeye ndiye anayeanza: anaweka mbuzi mmoja popote palipo wazi, kisha fisi mmoja anakwenda, kisha mbuzi mwingine anawekwa, hivyo hivyo zamu kwa zamu. Fisi husogea hatua moja kwa kufuata mstari, au humruka mbuzi aliye jirani na kutua makutano ya nyuma yake yakiwa wazi, katika mstari ulionyooka. Haruki mbuzi wawili waliofuatana, wala hamruki fisi mwenzake, na tofauti na drafti, kula si lazima. Mbuzi hawaruhusiwi kusogea mpaka wote 20 wamekwisha kuwekwa. Hapo nao hutembea hatua moja moja. Fisi wakila mbuzi watano wameshinda. Mbuzi wanashinda siku fisi wote wanne hawana pa kwenda.

Mwambie mgeni achukue fisi kwanza. Atakula mbuzi ndani ya dakika mbili na atafurahi. Raundi ya pili mpe mbuzi, ndipo mchezo utakapomkamata, maana ataona kwamba wale aliokuwa akiwala ovyo wanaweza kumfunga mtu. Atakachokosea ni kuweka mbuzi wa kwanza jirani na kona: fisi anaruka hapo hapo. Mbuzi wa kwanza awekwe katikati kabisa ya ukingo mmoja. Fisi wa kona yuko hatua mbili kutoka kwake, hawezi kumruka, atasogea ajipange. Akisogea, weka mbuzi wa pili upande wa pili wa yule wa kwanza, ukingoni hapo hapo. Sasa fisi aliyejipanga hana pa kutua, na fisi wa kona ya pili naye, akitaka kumruka huyo mbuzi mpya, anamkuta mbuzi wa kwanza amekaa kwenye tuo. Mbuzi wa ukingoni anaweza kurukwa kwa kufuata ukingo tu, na mbuzi wa kona haliki kabisa. Kwa hiyo jaza kingo kwanza, katikati uende mwisho. Wanaokimbilia katikati hupoteza mbuzi wanne kabla hawajaweka kumi.

Mbuzi wakishawekwa wote, mchezo huweza kuzunguka bila mwisho, huyu anasogea huku na kurudi, yule naye vivyo hivyo. Dawa yake ni kanuni ya kukataza mwendo wowote unaorudisha ubao katika sura uliyokwisha kuwa nayo. Na kwa kuwa pande hazifanani, mshindi wa haki hupatikana kwa raundi mbili za kubadilishana: hesabuni kila mmoja amekula mbuzi wangapi alipokuwa fisi. Kete zenyewe hazina gharama. Kokoto 20, na kokwa nne za embe zilizokauka. Kokwa ya embe kwa ukubwa wake na yale manyoya haihitaji kuelezwa kuwa ni fisi.

Wa pili unafaa zaidi kwa mkoa wa asali kama huu. Unaitwa Hive, maana yake mzinga, ulitungwa na John Yianni na kutolewa mwaka 2001. Hauna ubao. Kete zenyewe ndizo zinazojenga uwanja, kila moja ikiwa na pembe sita kama chumba cha sega. Kila mchezaji ana kete 11: malkia mmoja, buibui wawili, mbawakawa wawili, panzi watatu na sisimizi watatu. Unayemzingira malkia wa mwenzako pande zote sita, kwa kete zako au zake mwenyewe, umeshinda.

Hapa ndipo tabia inapoonekana. Malkia anakwenda hatua moja tu, mzito kama malkia wa kweli. Sisimizi anazunguka pembezoni mwa mzinga mpaka popote anapotaka. Panzi anaruka kwa mstari ulionyooka juu ya kete zote zilizofuatana, anatua kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi. Buibui anakwenda hatua tatu kamili, si mbili wala nne, na harudi alikotoka ndani ya mwendo huo. Mbawakawa anakwenda hatua moja lakini anaweza kupanda juu ya kete nyingine, na aliyepandwa hasogei mpaka ashukiwe. Mtu akishaambiwa mara moja hasahau, kwa sababu wadudu wenyewe anawajua. Mpenda visa ambaye angehitaji wiki nzima kuzoea drafti hapa anacheza kwa akili tangu mchezo wa kwanza.

Kanuni zinazosumbua ni nne. Kete mpya huwekwa ikigusa za kwako tu, isiguse ya adui, isipokuwa zile za kwanza kabisa za kila mmoja. Malkia lazima awe ameshuka kufikia zamu yako ya nne, na kabla hajashuka huruhusiwi kusogeza chochote. Mzinga haukatiki: ukinyanyua kete na zilizobaki zikawa makundi mawili, irudishe, hata kama ulikusudia kuiweka mahali ambapo pangeziunganisha tena. Ya nne ni ya nafasi. Kete inayotembea chini lazima iweze kuteleza. Iliyobanwa pande tano haitoki, ila panzi anaweza kuruka na mbawakawa anaweza kupanda.

Sasa faida ya kijiwe. Mwenye drafti ana vizibo 24, na Hive inataka 22. Kizibo ni duara, lakini maduara sita ya ukubwa mmoja huzunguka duara la saba yakagusana sawasawa bila pengo, kwa hiyo umbo la mzinga linapatikana bila kukata ubao wowote. Hata kanuni ya kuteleza inajipima yenyewe: sukuma kizibo kwa kidole. Kikipita bila kusogeza jirani zake, mwendo ni halali. Kikikwama kati ya viwili, si halali. Bandika ndani ya kila kizibo kiduara cha karatasi chenye mchoro wa mdudu, nyeupe kwa upande mmoja na ya rangi kwa mwingine. Herufi zinachanganya, maana malkia na mbawakawa wote watadai herufi M. Mezani vizibo huteleza na mzinga hupinda taratibu mpaka hujui nani anamgusa nani, basi tandika gunia au kitambaa kigumu chini.

Anayetaka za mbao amwendee seremala na kipande cha mninga na kingine cha paini, ili pande mbili zitofautiane kwa rangi ya mti wenyewe. Njia rahisi ni kuranda kijiti kirefu chenye pembe sita na kukikatakata kama muhogo. Kila upande wa pembe uwe sm 2, hivyo kutoka ubapa hadi ubapa wa mkabala ni sm 3.5 hivi, na ncha hadi ncha sm 4. Vipande 11 vya unene wa sm 1, pamoja na kinachopotea kwenye msumeno, vinatoka katika kijiti cha sm 15. Usishuke chini ya sm 1, kwa sababu kete iliyokatwa kupinga nyuzi za mti hupasuka ikianguka sakafuni. Wadudu wachorwe kwa msumari wa moto. Kosa linaloharibu kazi yote ni pembe zisizolingana. Kete moja mbovu haionekani, lakini mzinga ukifika kete kumi pengo dogo limekuwa kubwa, na ile ya kufunga pande sita haiingii. Kabla ya kumlipa fundi, panga kete sita kuzunguka moja na uone kama duara linafunga. Na fundi afunge kitambaa puani, vumbi la mninga si la kuchezea.

Kwa wanaopenda karata, upo Onitama wa Mjapani Shimpei Sato, wa 2014. Uwanja ni vyumba 25, kila mtu ana mwalimu mmoja na wanafunzi wanne, na karata ni 16 zenye majina ya wanyama. Kwa mchezo mmoja huchanganywa na kutolewa tano tu: mbili kwako, mbili kwa mwenzako, moja pembeni. Karata ndiyo inayosema kete iende vipi. Ya kaa hukupeleka hatua moja mbele au mbili ubavuni. Ya nyani huenda mshazari pande zote nne. Ya chui milia huruka vyumba viwili mbele au hurudi kimoja nyuma. Ukiisha kuitumia inakwenda pembeni nawe unachukua iliyokuwako pale. Kwa hiyo silaha uliyompigia mwenzako sasa hivi, zamu yako ijayo ataishika yeye. Unashinda kwa kumla mwalimu wake, au kwa kumfikisha mwalimu wako alipoanzia mwalimu wa mwenzako. Funika safu tatu za kulala na tatu za kusimama za ubao wa drafti na uwanja uko tayari. Karata huandikwa kwa mkono. Mchoraji aangalie asigeuze kushoto na kulia, maana karata zisizofanana pande mbili, kama ya jogoo, hutoa ugomvi.

Tablut, ambao Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika alipozuru Lapland, kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1732, nao ni wa pande zisizo sawa: mfalme na walinzi wanane katikati ya vyumba 81, washambuliaji 16 wakimzuia asifike ukingoni. Kete huliwa kwa kubanwa katikati ya mbili. Ni mzuri, ila kanuni zake zimefika kwa watu zikiwa zimetafsiriwa vibaya. Ukimfanya mfalme alindwe mno, kwamba lazima abanwe pande nne popote alipo, upande wake utashinda mno.

Go, mchezo wa mawe wa kutoka China, tungeiweka mbali kwa sasa. Makutano 361 na hakuna kete yenye jina. Na kwa mtu wa visa shida kubwa ni kwamba haoni mchezo umeisha lini, anaambiwa tu mhesabu eneo. Anayeng'ang'ania aanze na ubao wa tisa kwa tisa. Chesi haihitaji kutetewa. Ina farasi na mfalme, na watu wanasahau kwamba nayo ni ya kete tupu.

Limebaki bao, na hapa ndipo tunaposhangazwa na yule msomaji. Sikiliza wachezaji wa bao wanavyosema wakiwa chini ya mwembe. Kuna nyumba. Kuna kichwa na kimbi, mashimo ya mwishoni mwa safu ya mbele. Mtu analala au anasafiri. Asiyekula anatakasa. Anamaliza kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, anaingia mtaji, hatua ya kucheza kwa zilizoko ubaoni tu. Mchezo unaoambiwa hauna kisa umejaa maisha ya mtu mzima, nyumba na safari na mtaji, na maneno hayo ni ya Kiswahili tangu asili, hayakubandikwa na mtengeneza boksi. Mpenda visa anayefundishwa bao kwa lugha ya hesabu tu, tundu la tano na tundu la sita, ameibiwa. Mfundisheni kwa majina.

Tena nyumba si jina tupu. Mashimo yako 32, safu nne za nane, kete 64. Bao la Kiswahili linaanza kila mtu akiwa na kete sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 mkononi za kunamua moja moja. Nyumba yenye kete sita au zaidi ni mali: kete yako ya mwisho ikiangukia humo baada ya kula, una hiari ya kulala hapo au kuibeba yote na kusafiri. Ukisafiri mapema na safari ikaishia pabaya, umemwaga akiba yako mbele ya mwenzako, na shimo lile halirudi kuwa nyumba tena. Ukiikalia mno, inakua mpaka adui anapata njia ya kuila yote kwa mkupuo. Hadithi gani ya boksi ina kishindo kuliko hicho?

Ila msimwanzishe mgeni hapo. Lipo bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, yote 32, hakuna za mkononi wala kunamua, mnaingia mtaji moja kwa moja. Acheze hivyo mpaka mkono wake uzunguke bila kuhesabu kwa sauti, ndipo mmjengee nyumba. Mafundi huharibu hapa kwa kumpigia mgeni bao la haraka haraka, mkono unazunguka mara nne na yeye hajaona ya kwanza. Fundi akicheza na mgeni aweke kete taratibu, na akifika nyumbani aseme kwa mdomo, nalala, au nasafiri.

Kwa wanaochonga: ubao wa sm 60 kwa 30, unene sm 5, unatosha mashimo ya upana wa sm 5. Kina kiwe sm 2.5 hivi chenye kuta za kulala. Shimo la juujuu hurusha kete nje, na lenye kuta wima halikubali vidole vichote kete ya mwisho. Mbao ikiwa mbichi itapasuka kati ya mashimo mawili ya safu za kati. Komwe za pwani hazipatikani kirahisi huku, wengi hutumia kokoto. Ziteuliwe za ukubwa mmoja, maana jicho la mchezaji hukadiria kete kwa ujazo wa shimo. Mbegu za ukwaju zinavutia kwa rangi yake ya hudhurungi, lakini ni bapa na zinateleza: mtu anachota saba akidhani sita, na ugomvi wake hauishi mpaka jioni.

Ni sisi wachezaji wa bao na drafti,
Isevya, Tabora